Matt Busby, mlezi wa vijana wa Old Trafford

Jina la Sir Matt Busby hukumbukwa zaidi kwa mambo mawili: ajali ya ndege ya Munich ya mwaka 1958, na Kombe la Klabu Bingwa Ulaya ambalo Manchester United ililitwaa miaka kumi baadaye.

Lakini kazi iliyoyaunganisha matukio hayo haikufanyika mbele ya umati. Ilifanyika jioni katika viwanja vya mazoezi, katika nyumba walimopanga wavulana wa miaka 15, na katika sebule za wazazi waliotakiwa kumkabidhi mtoto wao kwa klabu iliyo mbali na nyumbani.

Busby, aliyefariki dunia mwaka 1994 akiwa na umri wa miaka 84, hakuwa meneja wa kwanza Uingereza kuwafundisha wavulana kandanda. Alichofanya ni kuigeuza timu ya vijana kuwa msingi wa klabu nzima. Mpango huo ulimletea sifa isiyo kifani. Pia ulimtwika mzigo alioubeba hadi mwisho wa maisha yake.

Mwana wa mchimba makaa

Alexander Matthew Busby alizaliwa Mei 26, 1909, katika kijiji cha Orbiston, karibu na mji wa Bellshill, Uskoti. Kilikuwa kijiji cha wachimba makaa ya mawe, na kwa mvulana wa pale njia za maisha zilikuwa chache: kuteremka mgodini, kuhamia ng'ambo, au, kwa wachache mno, kucheza mpira.

Baba yake, naye mchimba makaa, aliuawa mwaka 1917 katika mapigano ya Arras nchini Ufaransa, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Matt hakuwa ametimiza miaka minane.

Mama yake alikata shauri kuihamishia familia Marekani. Hati za safari zilichelewa, na wakati zikisubiriwa kijana huyo alifanya kazi mgodini. Mwaka 1928 klabu ya Manchester City ilimpa mkataba wa mwaka mmoja kwa mshahara wa pauni 5 kwa wiki, na safari ya Marekani ikasahauliwa.

Miaka yake ya mwanzo Manchester ilikuwa ya upweke. Aliishi katika nyumba ya kupanga, hakuwa na uhakika wa nafasi yake uwanjani, na wachezaji wakubwa wa wakati huo hawakuwa na desturi ya kuwajali wageni wadogo. Zaidi ya mara moja alifikiria kufungasha virago na kurudi Uskoti.

Mwaka 1930 City ilikuwa tayari kumuuza kwa jirani zao Manchester United kwa pauni 150. United, iliyokuwa imeelemewa na madeni, haikuweza kupata fedha hizo.

Kilichomwokoa ni bahati. Siku moja timu ya akiba ilipungukiwa na kiungo wa kulia, na Busby, aliyekuwa akicheza mbele, akatakiwa kuziba pengo. Katika nafasi hiyo mpya aliuona mchezo wote mbele yake, na utulivu wake wa kutoa pasi ukaanza kuonekana.

Aliichezea City katika fainali ya Kombe la FA ya mwaka 1933, waliyofungwa na Everton, na tena mwaka 1934, walipolitwaa kombe hilo kwa kuifunga Portsmouth mabao 2-1. Mwaka 1936 alihamia Liverpool kwa pauni 8,000, akawa nahodha wake.

Mambo hayo mawili hakuyasahau alipokuwa meneja: kijana aliyeachwa peke yake huvunjika moyo upesi, na kipaji kinaweza kufichika kwa sababu tu mwenye nacho amewekwa mahali pasipomfaa.

Klabu isiyo na uwanja

Vita Vikuu vya Pili vilipokaribia kumalizika, Liverpool ilitaka kumfanya Busby kocha msaidizi. United ilimtafuta pia, kupitia kwa Louis Rocca, msaka vipaji wake wa miaka mingi. Mazungumzo na mwenyekiti James Gibson yalifanyika Februari 1945.

Busby, aliyekuwa na umri wa miaka 35 na hajawahi kuiongoza klabu yoyote, alitoa masharti. Alitaka yeye mwenyewe, wala si wakurugenzi, achague timu na aamue mchezaji wa kununuliwa na wa kuuzwa. Alipopewa mkataba wa miaka mitatu aliomba mitano, kwa sababu kazi aliyokusudia kuifanya isingeonekana matunda yake mapema. Alikubaliwa, na akaanza kazi Oktoba mwaka huo.

Klabu aliyoikuta ilikuwa katika hali mbaya. Uwanja wa Old Trafford ulikuwa umebomolewa na mabomu ya Wajerumani mwaka 1941, na hadi mwaka 1949 United ililazimika kuchezea mechi zake za nyumbani Maine Road, uwanja wa Manchester City.

Hata hivyo kulikuwa na mbegu iliyopandwa kabla yake. Kabla ya vita, Gibson na katibu wa klabu, Walter Crickmer, walikuwa wameanzisha klabu ya michezo ya vijana iliyojulikana kwa kifupi MUJAC, ili United isitegemee kununua wachezaji kwa fedha isizokuwa nazo. Busby aliikuta mbegu hiyo, akaitunza na kuipanua.

Uteuzi wake wa kwanza ndio uliokuwa muhimu kuliko yote. Mwaka 1945, akiwa nchini Italia na timu ya wanajeshi, alimsikia Jimmy Murphy, mwanasoka wa zamani kutoka Wales, akizungumza na askari kuhusu mpira mjini Bari. Alivutiwa na moto uliokuwa katika maneno yake, akamwomba awe msaidizi wake.

Kikosi cha kwanza cha Busby, chini ya nahodha Johnny Carey, kilitwaa Kombe la FA mwaka 1948 na ubingwa wa ligi mwaka 1952. Lakini wengi wao walikuwa wamepoteza miaka yao bora vitani na umri ulikuwa umekwenda. Warithi wao walikuwa wanaandaliwa tayari.

Kubisha hodi kwa wazazi

Ili kuuelewa mpango wa Busby, ni lazima kukumbuka sheria za kandanda ya England wakati ule. Mshahara wa mchezaji ulikuwa na kikomo, ambacho hata mwaka 1958 kilikuwa pauni 20 kwa wiki, na kikomo hicho hakikufutwa hadi mwaka 1961. Kijana aliposaini mkataba wa kulipwa, posho halali ya kusaini ilikuwa pauni 10 tu.

Kwa hiyo klabu tajiri haikuweza, kwa mujibu wa sheria, kumvuta kijana kwa donge nono. Mzazi aliyekuwa akiamua mwanawe aende klabu gani alipima mambo mengine: nani atamtunza, atalala wapi, atakula nini, atasali wapi, na mpira ukimshinda atakuwa na kazi gani mkononi.

Busby aliyajibu maswali hayo. Wasaka vipaji wake, wakiongozwa na Joe Armstrong, walizunguka kwenye mechi za shule kote nchini, huku Billy Behan akiangalia Dublin na Bob Bishop akiangalia Belfast. Kumwona mvulana hodari ilikuwa nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa kunywa chai na mama yake.

Mfano mmoja ni wa Bobby Charlton, mwana wa mchimba makaa kutoka Ashington, kaskazini mwa England. Armstrong alimwona mapema mwaka 1953. Klabu nyingi zilimtaka, lakini Armstrong alikuwa wa mwanzo kufika, na mwenye kauli ya upole. Charlton alipohamia Manchester mwaka huo, alipata pia kazi katika kiwanda cha vifaa vya umeme, kwa kuwa familia yake ilitaka awe na ujuzi mwingine zaidi ya mpira.

Wavulana kutoka mbali waliwekwa katika nyumba za akina mama waliochaguliwa na klabu, karibu na Old Trafford. Waliishi wawili au watatu katika chumba, walikula meza moja, na mwenye nyumba alikuwa jicho la klabu. Aliyechelewa kurudi usiku, habari zake zilimfikia meneja.

Wachache waliajiriwa kama vibarua wa uwanjani. Walifagia majukwaa, walipiga rangi na kusafisha viatu vya njumu vya wakubwa wao. Wengine walifanya kazi za kawaida mchana na kufika uwanja wa The Cliff, huko Salford, kwa mazoezi ya jioni.

Shule ya Jimmy Murphy

Uwanjani, mwalimu wao mkuu alikuwa Murphy, akisaidiana na kocha Bert Whalley. Kama Busby alikuwa baba mpole mwenye sauti ya chini, Murphy alikuwa mwalimu mkali. Aliwachukua mmoja mmoja baada ya mazoezi, akawarudisha kwenye kosa lile lile mara mia, hadi likaisha.

United iliweza kuteremsha hadi timu tano kwa siku moja, kuanzia chipukizi hadi kikosi cha kwanza. Baadhi ya timu za vijana zilipangwa katika ligi za watu wazima, ili wavulana wazoee kusukumwa na wenye miili mikubwa kuliko yao.

Jambo la msingi ni kwamba timu zote zilifundishwa mchezo wa aina moja. Kijana aliyepanda kutoka timu moja kwenda nyingine hakukuta lugha mpya. Alikuta wachezaji wenye kasi na nguvu zaidi, wakifanya yale yale aliyoyajua tangu siku ya kwanza.

Wala mlango wa juu haukufungwa. Busby, meneja aliyevaa nguo za mazoezi na kucheza pamoja na vijana wake wakati wenzake wengi wakikaa ofisini, alijua maendeleo ya kila mmoja. Mchezaji aliyekuwa tayari alipewa nafasi bila kujali umri wake.

Chama cha Soka cha England kilipoanzisha Kombe la FA la Vijana katika msimu wa 1952-53, matokeo ya kazi hiyo yalionekana na wote. United ililitwaa kombe hilo mara tano mfululizo, kuanzia mwaka 1953 hadi 1957. Katika mwaka wa kwanza iliifunga Nantwich mabao 23 kwa bila, na katika fainali ya mikondo miwili iliishinda Wolverhampton Wanderers kwa jumla ya mabao 9-3.

Watoto wa Busby

Magazeti yaliwabandika vijana hao jina la Watoto wa Busby. Mwenyewe hakulipenda jina hilo, maana aliwaona kuwa wanaume wenye kazi ya kufanya. Lakini jina likashika.

Oktoba 1953, United ilikwenda Uskoti kucheza mechi ya kirafiki na Kilmarnock. Busby aliwapanga vijana kadhaa kwa pamoja, wakashinda 3-0. Siku chache baadaye aliwaweka tena katika mechi ya ligi dhidi ya Huddersfield. Kuanzia hapo timu ya zamani iliondoka taratibu na mpya ikachukua nafasi yake.

Aliyewazidi wote alikuwa Duncan Edwards, kutoka Dudley. Aliichezea timu ya kwanza Aprili 1953 akiwa na umri wa miaka 16, na timu ya taifa ya England miaka miwili baadaye akiwa na miaka 18. Alikuwa na nguvu za mtu mzima na miguu miwili iliyojua kazi, na aliweza kucheza karibu kila nafasi uwanjani.

Kando yake walikuwa Eddie Colman, mtoto wa Salford aliyekulia jirani na Old Trafford. Liam Whelan wa Dublin. Jackie Blanchflower wa Belfast. David Pegg na Mark Jones kutoka Yorkshire. Na Dennis Viollet wa Manchester. Nahodha wao alikuwa Roger Byrne, naye mzaliwa wa jiji hilo.

Busby hakukataa kununua pale alipoona pengo. Mwaka 1953 alilipa pauni 29,999 kumpata mshambuliaji Tommy Taylor kutoka Barnsley, akiacha pauni moja ili kijana huyo asibebe jina la mchezaji wa pauni 30,000. Lakini wanunuliwa walikuwa wachache.

Mwaka 1956 timu hiyo, iliyokuwa na wastani wa umri wa miaka 22 hivi, ilitwaa ubingwa wa Ligi Daraja la Kwanza, iliyokuwa ngazi ya juu kabla ya Ligi Kuu kuundwa mwaka 1992. Iliwaacha waliofuata kwa pointi 11. Mwaka uliofuata ilitwaa tena.

Ubingwa ulileta uamuzi mzito. Mashindano ya klabu bingwa barani Ulaya yalikuwa yameanza mwaka 1955, na viongozi wa ligi ya England, wakihofia mrundikano wa mechi, waliishawishi Chelsea ijitoe. Mwaka 1956 waliishauri United ifanye vivyo hivyo. Busby alikataa, akiungwa mkono na Chama cha Soka. Aliamini kwamba mustakabali wa mchezo ulikuwa Ulaya.

Mechi ya kwanza ya nyumbani ilichezwa Maine Road, kwa kuwa Old Trafford haikuwa na taa, na Anderlecht ya Ubelgiji ikapigwa mabao 10 kwa bila. Safari iliishia nusu fainali mbele ya Real Madrid. Vijana walikuwa na wakati wa kutosha mbele yao, au ndivyo ilivyodhaniwa.

Munich

Februari 5, 1958, United ilitoka sare ya 3-3 na Red Star mjini Belgrade, Yugoslavia, na kufuzu tena kwa nusu fainali. Siku iliyofuata ndege yao ilitua Munich, Ujerumani, kujaza mafuta. Barabara ya kurukia ilikuwa imejaa theluji iliyoanza kuyeyuka. Mara mbili rubani alijaribu kupaa na kuahirisha. Katika jaribio la tatu ndege ilishindwa kuinuka, ikapita mwisho wa barabara na kugonga nyumba.

Kati ya watu 44 waliokuwamo, 23 walifariki. Wanane walikuwa wachezaji: Geoff Bent, Byrne, Colman, Jones, Pegg, Taylor, Whelan, na Edwards, aliyepigania uhai wake hospitalini kwa siku 15. Isipokuwa Taylor, wote hao walikuwa wamelelewa na klabu. Blanchflower na Johnny Berry walinusurika lakini hawakucheza tena.

Walifariki pia kocha Whalley, mwalimu wa mazoezi Tom Curry, na Crickmer, katibu aliyeshiriki kuanzisha MUJAC. Miongoni mwa waandishi wa habari waliofariki alikuwamo Frank Swift, mlinda lango aliyetwaa Kombe la FA pamoja na Busby mwaka 1934.

Busby alivunjika mifupa na kuumia kifuani. Mara mbili padri alimpa mpako wa mwisho. Kwa majuma kadhaa madaktari walizuia asiambiwe ukweli. Hatimaye alianza kuwataja vijana wake mmoja baada ya mwingine, na mkewe, Jean, akimjibu kwa kutikisa kichwa.

Matt na Jean walikuwa na mwana mmoja na binti mmoja waliokua, lakini walikuwa wamezika watoto wengine wa kiume wakiwa wachanga. Sasa alikuwa amepoteza wana wa watu wengine, wale aliowaahidi wazazi wao kwamba angewatunza.

Alijilaumu kwa kuwapeleka Ulaya. Alijiuliza kama angesema neno pale rubani alipojaribu mara ya tatu. Alifikiria kuachana na kandanda kabisa. Ni Jean aliyemshauri aendelee, kwa heshima ya waliokufa.

Nyumbani, Murphy, aliyenusurika kwa kuwa alikuwa Cardiff akiiongoza timu ya taifa ya Wales, alilazimika kuunda timu. Mbali na wachezaji wachache alionunua, aliingia katika ghala lile lile alilolijaza kwa mikono yake. Siku 13 baada ya ajali, United iliifunga Sheffield Wednesday 3-0. Mabao mawili yalifungwa na Shay Brennan, kijana wa timu ya akiba aliyekuwa akicheza mechi yake ya kwanza.

Mei 3 timu hiyo ya kuokoteza ilifika fainali ya Kombe la FA, ikafungwa na Bolton 2-0. Busby alikuwapo Wembley, akitembea kwa fimbo.

Kuanza upya

Ujenzi wa pili ulichukua miaka kumi. Safari hii Busby alinunua zaidi: Denis Law kutoka Torino ya Italia mwaka 1962 kwa pauni 115,000, na Pat Crerand kutoka Celtic mwaka 1963. Lakini hakuuacha mpango wa vijana.

Mwaka 1961 Bishop alimtuma kutoka Belfast mvulana mwembamba wa miaka 15, George Best. Kabla ya siku mbili kupita, Best na mwenzake waliona upweke, wakapanda meli kurudi nyumbani. Busby, aliyekuwa ameyapitia hayo hayo mwaka 1928, hakuwapuuza. Aliwasiliana na baba yake, na baada ya muda kijana akarudi.

Kanuni za wakati ule zilizuia wavulana wa Ireland kuajiriwa na klabu za England kama wanagenzi, kwa hiyo Best alipewa kazi ya utumishi mdogo katika ofisi za mfereji wa meli wa Manchester, huku akifanya mazoezi. Mwaka 1964, akiwa tayari mchezaji wa kikosi cha kwanza, aliisaidia United kutwaa tena Kombe la FA la Vijana.

Ubingwa wa ligi ulirudi mwaka 1965 na 1967. Mei 29, 1968, United ilikutana Wembley na Benfica ya Ureno, iliyokuwa na nyota wawili wazaliwa wa Msumbiji, Eusébio na nahodha Mário Coluna. Baada ya dakika 90 matokeo yalikuwa 1-1. Katika muda wa nyongeza United ilifunga mabao matatu, na kushinda 4-1.

Wafungaji walikuwa Charlton, aliyepachika mawili, Best, na Brian Kidd, kijana wa Manchester aliyekuwa akitimiza miaka 19 siku hiyo. Kati ya wachezaji 11 waliocheza, wanane walikuwa wamepitia timu za chini za klabu. Charlton na Bill Foulkes walikuwa wamenusurika Munich. Brennan, yule wa usiku wa Sheffield Wednesday, alikuwapo pia.

Baadaye mwaka huo Busby alipewa cheo cha Sir.

Urithi na maswali

Haikuwa rahisi kumrithi. Mwaka 1969 Busby alimwachia kiti Wilf McGuinness, mmoja wa vijana aliowalea, lakini yeye mwenyewe alibaki klabuni, na kivuli chake kikawa kirefu. McGuinness aliondolewa kabla ya mwaka 1970 kwisha. Mwaka 1974 United iliteremka daraja.

Yapo pia maswali kuhusu enzi yake. Mwaka 1980 kipindi cha televisheni nchini Uingereza kilidai kwamba klabu hiyo, kwa miaka mingi, iliwalipa kisirisiri baadhi ya wazazi ili kuwapata watoto wao, kinyume cha kanuni. Na baadhi ya manusura na familia za waliofariki Munich walilalamika kwamba klabu haikuwatendea haki, na kwamba walitakiwa kuzihama nyumba za klabu mapema mno. Ni mwaka 1998, miaka 40 baada ya ajali, ndipo mechi maalumu ya kuwachangia ilipochezwa Old Trafford.

Malalamiko hayo yanaonyesha kwamba malezi ya klabu yana mpaka, na kwamba familia nyingi huujua mpaka huo pale mtoto anapoacha kuwa na faida uwanjani.

Swali hilo lipo hata leo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 klabu za England zilianza kuendesha vyuo rasmi vya soka, na tangu mwaka 2012 vyuo hivyo hupangwa katika madaraja manne kwa kuangalia walimu, viwanja na elimu ya darasani. Watoto huingia wakiwa hata na miaka minane, na walio wengi huachwa kabla ya kufikia mkataba wa kulipwa.

Kwa wazazi wa Afrika, kanuni ya FIFA ya mwaka 2001 inapiga marufuku kumsajili mchezaji wa chini ya miaka 18 kutoka nchi moja hadi nyingine, isipokuwa kwa masharti maalumu. Kanuni hiyo iliwekwa kwa sababu watoto wengi walichukuliwa na mawakala kwa ahadi za klabu kubwa, kisha wakatelekezwa ugenini. Maswali ya kumuuliza wakala ni yale yale waliyoulizwa Armstrong na Behan: atalala wapi, atasoma nini, na asipofaulu ni nani atakayemrudisha nyumbani.

Busby aliishi hadi kushuhudia kizazi kingine kikichipuka. Mwaka 1992 timu ya vijana ya United, ikiwa na Ryan Giggs, David Beckham, Nicky Butt na Gary Neville, ilitwaa Kombe la FA la Vijana kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1964. Mwaka 1993 klabu ilitwaa ubingwa wa England, uliokuwa umeipita kwa miaka 26.

Alifariki Januari 20, 1994, na kuzikwa kando ya Jean katika makaburi ya kusini mwa Manchester. Siku mbili baadaye Old Trafford iliyofurika ilisimama kimya kabla ya mechi na Everton.

Tangu Oktoba 1937, United imekuwa ikiweka katika kila kikosi cha siku ya mechi angalau mchezaji mmoja aliyelelewa na klabu. Desemba 2019 mfululizo huo ulitimiza mechi 4,000, na waliokuwa uwanjani siku hiyo, kwa mara nyingine, walikuwa Everton.